Vazi Hili Nani Atalivua?

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kwenye daladala ya kupanda Chimwaga, shika bomba vizuri, maana leo tunasafiri mbali kisha tunarudi hapahapa Dodoma.

Nianze na picha moja iliyopigwa London mwaka 1872, katika studio ya kampuni iliyoitwa London Stereoscopic Company. Mbele ya kamera wako wawili, mtu mzima na mtoto. Mtu mzima ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyekuwa ametoka kumtafuta Dakta Livingstone na kumkuta Ujiji. Amevaa kama yuko njiani: kofia ya jua, buti ndefu, bunduki. Nyuma yao limetundikwa pazia lililochorwa mandhari ya porini. Mtoto ana umri wa miaka kama saba au minane. Jina lake pichani ni Kalulu.

Mnaokumbuka studio zetu za zamani mtaielewa picha hiyo mara moja. Uliingia na vumbi lako la Dodoma, ukasimama mbele ya pazia lenye minazi na bahari, ukatoka na picha ya kuwatumia ndugu kijijini wadhani umefika Dar es Salaam. London nao walikuwa na pazia lao. Kwao pazia lilikuwa ni sisi.

Picha hiyo ilichapwa kwenye vikadi vidogo vikauzwa. Aliyenunua aliamini ameiona Afrika, na alichokiona ni chumba cha mjini London, mwanamume aliyevaa tena nguo za safari iliyokuwa imekwisha, na mtoto aliyewekwa kando yake ili safari ionekane ya kweli.

Sasa utaniuliza, ndugu yangu, hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Ugogo? Yanatuhusu kwa sababu njia yao ilikuwa hapa. Stanley alipokuwa akienda bara mwaka 1871 alipita Ugogo. Katika kitabu chake utazikuta Mvumi na Bihawana, na utayakuta manung'uniko yake kuhusu hongo, ule ushuru wa nguo ambao watemi wetu waliutoza kila msafara kabla haujaruhusiwa kupita na kuchota maji. Alipofika Unyanyembe, kule Tabora, mfanyabiashara Mwarabu alimpa zawadi. Zawadi yenyewe ilikuwa mtoto. Mtoto huyo alikuwa na jina lake, na Stanley aliliandika Ndugu M'hali. Hakulipenda. Akawauliza watu wake wapendekeze jingine, likapatikana Kalulu, na mtoto akapewa jina hilo kwa maji, mithili ya ubatizo. Machi 1872 Stanley aliagana na Livingstone, akakatisha nchi yetu kurudi pwani, na mwanzoni mwa Mei akaingia Bagamoyo. Mtoto alikuwemo katika msafara huo. Agosti walikuwa Uingereza.

Kwa hiyo yule mtoto wa mbele ya pazia la London alikuwa amepita kwetu miezi michache tu kabla ya picha. Nchi halisi aliijua kwa nyayo zake. Walionunua kadi waliijua kwa rangi za mchora pazia.

Studio ile haikubuni jambo jipya. Ilirithi desturi ya wachoraji wa Uingereza, na desturi hiyo ilipamba moto katika karne ya 18. Wakati huo hapakuwa na kamera. Mtu mwenye mali aliyetaka sura yake ibaki alimwita mchoraji, akakaa mbele yake saa nyingi, akalipa fedha nyingi. Na kwa kuwa alilipa, aliamua avae nini, asimame wapi, na kando yake awekwe nani.

Huyo wa kuwekwa kando mara nyingi alikuwa mtoto mweusi. Mfano unaojulikana sana ni picha ya Lady Mary Wortley Montagu ya miaka ya 1720, ambayo inahesabiwa kuwa kazi ya Jonathan Richardson. Bibi huyu alikuwa mke wa balozi, amekaa Istanbul, na ndiye aliyerudi Uingereza akiwahimiza watu wachanje watoto wao dhidi ya ndui. Katika picha amevaa mavazi ya Kituruki ya hariri yenye kumeta. Nyuma yake yuko mtoto mweusi anayemtazama, mavazi yake mazuri pia. Ukiangalia shingo yake, utaona pete ya chuma.

Tazameni mambo yalivyo hapo. Bibi ni Mwingereza aliyevaa Uturuki. Mchoraji akiweka brashi chini, anavua, anarudi kuwa mke wa balozi. Mtoto naye amevishwa, ila ile pete haikuwa ya mchoraji wala ya picha. Ilikuwa ya kila siku. Majina yote ya bibi tunayo. La mtoto picha haikutuachia.

Watu wa London wa karne ile walipenda mno kujigeuza. Walikuwa na karamu za barakoa: unalipa kiingilio, unaficha uso, unaingia ukumbini ukiwa Sultani, Mhindi, mchungaji wa kondoo, baniani au mtawa. Wengine walijipaka weusi usoni. Januari 1772 lilifunguliwa jumba kubwa la starehe hizo katika mtaa wa Oxford, likiitwa Pantheon. Juni ya mwaka huohuo, katika mji huohuo, jaji mkuu Lord Mansfield alitoa hukumu katika kesi ya James Somerset, mtumwa aliyetoroka akakamatwa na kufungwa minyororo melini ili akauzwe Jamaica. Mansfield aliamuru aachiwe. Watu wale wa tabaka la juu waliokuwa wakilipa kiingilio wawe watu wengine kwa usiku mmoja waliweza kusoma gazetini asubuhi kwamba mtu mzima amelazimika kwenda mahakamani ili aruhusiwe kuwa yeye mwenyewe.

Lord Mansfield naye alikuwa na picha nyumbani. Alimlea Kenwood, karibu na Hampstead, mtoto wa mpwa wake, Dido Elizabeth Belle, ambaye mama yake alikuwa mtumwa mweusi. Mwishoni mwa miaka ya 1770 David Martin alimchora Dido pamoja na binamu yake mweupe, Elizabeth Murray. Ni picha ya ajabu kwa wakati wake, kwa sababu Dido si mpambe. Amevaa hariri na lulu, anatabasamu, yuko karibu kulingana na mwenzake. Lakini binamu ameshika kitabu, na Dido amevikwa kilemba chenye unyoya na kubebeshwa matunda. Walilelewa nyumba moja, lakini mmoja alichorwa kama msomi na mwingine kama mgeni kutoka nchi ya mbali. Mkono wa mchoraji ulimpenda Dido, ila haukuweza kumwacha awe binti wa Kenwood tu.

Kisha kuna Mai, kijana wa visiwa vya Pasifiki aliyefika London mwaka 1774 kwa meli ya Waingereza. Mjini alivaa koti na suruali kama waungwana wengine. Joshua Reynolds, mchoraji mkubwa kuliko wote wa wakati huo, alipomchora, koti lilipotea. Alimvika joho jeupe refu lenye mikunjo ya sanamu za Kirumi, akamfunga kilemba, akamweka mbele ya mandhari ya nchi za joto. Picha ikaonyeshwa mwaka 1776. Mwaka 2023 jumba la picha la taifa la London na jumba la Getty la Marekani waliinunua kwa ubia kwa pauni milioni 50. Ni picha tukufu, sikatai. Anasimama kama mfalme. Hata hivyo utukufu ule Reynolds aliushona kwa mitindo ya Roma na Uturuki, akauita kisiwa cha Mai.

Msikilizaji wangu, nisije nikakupa picha ya upande mmoja. Wapo waliokataa kuvishwa. Mwaka 1733 alikuwapo London Mwislamu msomi wa Kifula kutoka Bundu, Afrika Magharibi, aitwaye Ayuba Suleiman Diallo. Alikuwa ametekwa, akauzwa mpaka Maryland, kisha akakombolewa. Na ukweli wote usemwe: siku alipotekwa alikuwa ametoka kuuza watumwa wawili. London alishangaza watu kwa kuiandika Kurani yote kwa kumbukumbu. Marafiki wakataka achorwe na William Hoare. Diallo akasema atachorwa na mavazi ya kwao tu. Mchoraji akajitetea: mimi mavazi hayo sijayaona, nitayachoraje? Diallo akamjibu kwa swali: mbona wachoraji wenu humchora Mungu, ambaye hakuna aliyemwona? Basi akamweleza, na Hoare akachora: kanzu nyeupe, kilemba, na msahafu umening'inia shingoni. Pale mtoto wa kwenye picha ya Lady Mary alipowekewa pete ya chuma, Diallo alining'iniza kitabu chake. Mwaka uliofuata alirudi nyumbani. Picha yake leo ni mali ya makumbusho ya Qatar.

Na mwaka 1768 mjini Bath, Thomas Gainsborough alimchora Ignatius Sancho, aliyezaliwa utumwani na wakati huo akimtumikia tajiri mkubwa, Duke wa Montagu. Inasemwa alimaliza kwa saa moja na dakika 40. Sancho hana sare ya utumishi, hana kilemba, hana sinia. Amevaa kizibao chenye nakshi ya dhahabu, mkono ameupachika ndani yake, kama alivyokaa mwungwana yeyote wa Bath. Sancho alitunga muziki, aliandika barua zilizokuja kuchapwa kitabu, na mwaka 1774, akiwa na duka lake la vyakula Westminster, alipiga kura ya kumchagua mbunge. Yeye alichagua koti la Kiingereza, Diallo akachagua kanzu. Mavazi yao yako mbali, lakini kila mmoja alitoka ndani ya picha akiwa yuleyule aliyeingia.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Kuna watu wanaosema kosa lilikuwa ni mtu mweupe kuvaa nguo za watu wengine. Mimi siamini hivyo. Watu wa pwani walivaa joho la Oman, kitambaa cha Uhindi na kofia ya mkono ya Lamu, na hawakumwibia mtu. Wagogo tumevaa shanga zilizotoka Ulaya, tukazifanya zetu. Kujivika ni furaha ya wanadamu wote. Swali langu kwa kila picha ni jepesi: vazi hili nani atalivua? Anayeweza kulivua anacheza. Asiyeweza ndiye anayechezewa.

Turudi kwa Kalulu na swali hilohilo. Na kwanza tumuulize Stanley, maana katika picha ile aliyejigeuza zaidi alikuwa yeye. Alijitangaza kuwa Mmarekani aitwaye Stanley. Kwa kweli alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akabatizwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph kwa sababu hakuwa na wa kumtunza. Jina la Stanley alilichukua ujanani huko New Orleans. Wazee husema, na mniwie radhi kwa lugha yao, nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwaka uleule wa 1872 watu wa Wales walianza kumtambua, na magazeti yakaandika. Alikana, akajikaza na jina la kuazima mpaka kaburini, na dunia ikamkubalia.

Mtu huyohuyo, aliyejua utamu wa kujipa jina jipya, alimpa mtoto jina jipya. Lake alilichagua akiwa kijana, likamtoa kwenye nyumba ya maskini likamfikisha kwa malkia. La mtoto lilichaguliwa na wengine, na lilimfikisha popote Stanley alipokwenda. Alipelekwa Marekani kwenye ziara ya mihadhara. Alipelekwa shule Wandsworth, kusini mwa London. Jumba la Madame Tussaud likaweka sanamu yake ya nta. Mwaka 1873 Stanley alitoa hadithi ya kubuni kwa vijana, na jina la mtoto likawa kwenye jalada: mwana wa mfalme, mfalme, mtumwa. Mtoto wa watu akawa picha, sanamu na riwaya kabla hajabalehe.

Mwishoni mwa 1874 Stanley alifunga safari ya pili, na Kalulu alikuwemo. Krismasi iliwakuta hapa Ugogo, masika yamewashika, mahema yamelowa, chakula ni cha kutafuta. Baada ya shule ya Wandsworth kijana alikuwa anaiona nchi yetu tena. Wakaendelea, wakazunguka Ziwa Viktoria, wakateremka Tanganyika. Na hapo, mwaka 1876, Kalulu akatoroka.

Ninaomba mkiweke moyoni kitendo hicho, kwa sababu hatuna kitabu chake. Stanley aliona ni utovu wa shukrani. Mimi naona ndiyo siku alipojaribu kulivua lile vazi. Alipewa elimu, safari na umaarufu ambao vijana wa London wangeuonea kijicho, naye akaamua kwamba afadhali aende zake. Alisakwa, akakamatwa, akarudishwa msafarani. Machi 28, 1877, katika mto Kongo, mtumbwi aliokuwamo ulichukuliwa na maji ukatumbukia kwenye maporomoko. Hakuonekana tena. Stanley akayaita maporomoko yale Kalulu. Hata mto ukaandikwa jina lile la kubandikwa.

Tuna pia mfano wa mtu mzima, tena wa ukoo wa kifalme. Bibi Salme binti Said, mtoto wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka uliofuata, akaishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Mitaani alivaa gauni la Kijerumani. Studioni alipigwa picha amevaa mavazi ya binti wa Sultani, yale yale yaliyokuwa nguo zake za kawaida alipokuwa Unguja. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki mjane mwenye watoto watatu, na mwaka 1886 akatoa kumbukumbu za maisha yake. Mavazi yake ya kweli yalikuwa yamegeuka vazi la kuigizia, kwa kuwa nchi aliyokaa haikumpa mahali pengine pa kuyavaa isipokuwa mbele ya kamera. Lakini kitabu alikiandika mwenyewe, na maneno yake yako kando ya sura yake. Kalulu hakupata hilo.

Haya, tupande sasa Chimwaga. Siku ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma, vijana huvaa majoho marefu na kofia za pembe nne, mavazi ya wasomi wa Ulaya ya karne nyingi zilizopita, katika jua letu hili la nyanda za kati. Bibi kutoka Bahi amevua kanga mpya kichwani, amevikwa kofia ya mjukuu, wapiga picha wanagombea nafasi, vigelegele juu. Ni barakoa ya Kizungu kabisa, nami naipenda, kwa sababu kila aliye kwenye picha ile amelitaka joho, ameliazima kwa siku moja, na jioni atalirudisha akiwa na shahada na jina lake.

Tunao pia mchezo wa wakubwa. Mgeni mashuhuri akija, wazee humvisha mgolole, humkabidhi mkuki na ngao, na kamera zinalia. Dakika kumi baadaye vazi limekunjwa, mheshimiwa amerudi ndani ya suti na gari. Si dhambi. Ni Lady Mary wa kwetu. Ila tuwaangalie na wale wacheza ngoma waliopangwa nyuma yake tangu asubuhi juani: nao waliulizwa wavae nini? Wamelipwa? Gazeti likitoka kesho, chini ya picha yatakuwapo majina yao, au wataandikwa tu "kikundi cha ngoma za asili"?

Na liko kubwa kuliko hayo. Magari ya miradi huingia vijijini kwetu wakati wa ukame, na mtu hushuka na kamera. Anamtafuta mtoto mwenye shati lililochanika. Kama mtoto amevaa la shule, safi, anaambiwa asogee pembeni kidogo. Picha inakwenda ng'ambo, inachapwa kwenye kalenda, inakusanya fedha, na huenda fedha hizo zikachimba kisima cha kweli. Nakiri kisima ni kisima. Lakini yule mtoto amevishwa umaskini kwa ajili ya watazamaji, kama Kalulu alivyovishwa Afrika. Tena sasa ni vigumu zaidi kulivua, maana picha ya simu haiozi. Atakapokuwa mwalimu au daktari, shati lile litakuwa bado linamtafuta kwenye intaneti.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenyeviti wa vijiji, walimu na wazazi. Mgeni akija na kamera, mkaribisheni, mpeni kigoda. Kisha mwambieni: mtoto huyu ana jina, na jina liandikwe kama mzazi akiridhia, mzazi asipotaka, picha isipigwe. Kama mtoto anataka kwanza kwenda kunawa uso na kuvaa nguo ya sikukuu, mgeni asubiri. Hongo ya zamani ilikuwa nguo na shanga. Ya leo iwe hiyo: dakika tano za kumsubiri mtoto avae anavyotaka kuonekana.

Muda wangu umekwisha, mtangazaji ananionyesha saa. Tuandikieni na kutupigia: je, umewahi kupigwa picha ukavishwa usichokitaka? Ulifanya nini? Wiki ijayo tutasoma majibu yenu.